Mita ya Jua kwenye Harusi ya Bomet

Mpaka leo nikienda Bomet kuna watu wananiita Bwana Jua, na sikasiriki, maana jina hilo nililitafuta mwenyewe. Miaka ile ya hamsini nilikuwa mpiga picha Kericho, na mwenye mita ya jua nilikuwa mimi peke yangu (wenzangu walikisia tu kwa macho): kitu cha kutosha kiganjani, hakina betri, mbele kina kioo chenye vijitundu kama sega la nyuki, jua likikipiga kinazaa stima chenyewe na sindano inapanda kukuonyesha mwanga ni kiasi gani. Nilijivunia mita hiyo mpaka nikaishonea mfuko wa ngozi wa kuvaa shingoni, nikaacha dirisha pale kwenye sindano tu, ili watu waione ikicheza.

Basi, harusi ya Chebet, binti wa mzee arap Koech, watu wametoka kanisani, jua la mchana linawaka, natazama sindano, imelala. Nikawaambia jua halijatosha. Tukangoja, bado imelala, nikawapandisha kilimani juu ya mashamba ya chai, bibi harusi kashika viatu mkononi, wasimamizi wametota jasho, nami mbele kama jemadari, mpaka mzee Koech akanisogelea.

“Kijana, hii jua imetuchoma tangu asupuhi. Wewe unataka jua kani?”

Nikamjibu kwamba mita haidanganyi. Chebet akaomba kuiona, akaigeuza, akaniuliza kile kioo kinaonaje kikiwa ndani ya mfuko. Akaivua mfuko. Sindano ikaruka mpaka mwisho. Kilima kizima kilicheka, mchungaji aliyewafungisha ndoa akakaa chini kwenye nyasi, nami nikatamani kuzama ndani ya majani chai.

Na kabla sijawapanga, mvua yetu ya huku (haibishi hodi) ikashuka, wageni wakatawanyika. Chebet na mumewe wakabaki pale pale, wamelowa, wanacheka bado. Mchungaji akanishikia mwavuli, nikawaelekezea kioo cha mita, sindano ikaonyesha mwanga ni kidogo lakini upo. Nikaiamini, nikafungua lenzi yote, nikapiga mara moja.

Picha ile ilitoka safi, hata matone kwenye shela unayaona. Mzee Koech aliitundika sebuleni, na kila mgeni aliyeingia mzee alimwambia, “Huyu kijana wa picha alitusumpua sana, lakini kazi anajua.” Nimepiga harusi nyingi tangu hapo, na hakuna iliyonipa heshima kama ile ya aibu. Ila niliapa: nikifika mahali, natazama kwanza kivuli changu chini, ndipo nitoe mita.