Yowe Nililopiga kwa Ajili ya Masanja

Biashara binafsi ziliporuhusiwa, nilifungua hapa Bariadi tawi la klabu ya kutunza watoto wakati wa likizo. Wenye klabu walikuwa Mwanza. Siku moja, wazazi wakikaribia kufika, nilihesabu watoto kumi na mmoja. Asubuhi nilipokea kumi na wawili. Masanja wa miaka miwili hakuwepo.

Nilichungulia kisima cha uani. Mimi, mwenye cheti cha malezi ukutani, nikapiga yowe.

Kwetu yowe halipigwi ovyo. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuja mbio na pinde zao, wakatawanyika kwenye mashamba ya pamba. Kiongozi wao alibaki, akanizunguka taratibu.

“Mayu,” akaniita mama kwa Kisukuma, “mtoto amevaa nini?”

“Fulana ya njano, baba. Mchana alilia sana, nikambeba mgongoni mpaka akasinzia...”



“Basi fungua kanga,” akasema.