Karatasi Niliyompa Papa Bauma

Nilikuwa nimetoka shule ya wauguzi juzi tu, na katika zahanati yetu ya Mushaki niliogopa kitu kimoja: kudanganywa na mgonjwa. Papa Bauma alikuja kuomba aachiliwe kazi ya kutengeneza barabara ya kijiji. Alisema miguu inauma na kufa ganzi akishuka kilima, lakini akiinama kulima maumivu yanakwisha. Niliwaza siku mbili. Mtu anaweza kulima, anashindwaje kazi ya barabara? Nikamwandikia karatasi ya kumpa msimamizi wa barabara, bila kuthubutu kumwambia inasema nini wala ni ya nani. Hakujua kusoma. Akaamini ni barua ya hospitali, akaipeleka huko.

Jana, miezi mitatu baadaye, alirudi akitembea wima, akanipa kuku mbele ya wagonjwa wote. Daktari alikuwa amempasua mgongo na kuondoa mfupa uliobana mishipa ya miguu.

"Karatasi yako njo iliniponyesha, mwanangu! Daktari aliisoma, akaniinamisha, akajua. Soma, watu wasikie." Akanirudishia karatasi ileile, imekunjwa.

Nilisema nimesahau miwani nyumbani.

"Tangu lini unavaa miwani?" akauliza mama mmoja. Watu wakacheka.

Sikumwinamisha hata mara moja. Nikafungua karatasi.

"Huyu hana ugonjwa," nikasoma. "Ni mvivu. Arudishwe barabarani."

Papa Bauma akaacha kutabasamu. Kuku wake alikuwa bado kwapani mwangu.