Mazoezi ya Mvunguni

Karisa na ndugu yake Kai walishuka Changamwe kutoka Kaloleni wakiwa vijana, wakaanza kuchimba mitaro kwa sababu ndiyo kazi iliyowakuta. Walichimba ya mabomba ya maji, ya nyaya za simu na ya maji taka, wakaijua ardhi yote ya upande huo kama mtu anavyoujua uso wa mkewe. Kai ndiye aliyekuwa mdogo na ndiye aliyekuwa na maneno mengi. Akiwa ndani ya mtaro alikuwa akiongea mchana kutwa, na Karisa, aliyechimba mbele yake, alikuwa akimjibu "ee" na "kumbe" bila kugeuka.

Masika yaliyomwondoa Kai yalikuwa mazito. Walikuwa wakichimba nyuma ya nyumba mpya za Miritini, na nyapara wao Suleiman alikuwa kitandani na homa siku hiyo. Mwenye kazi akasema mvua si sababu, watu washuke. Walishuka. Ukuta wa mtaro ukawaangukia wote wawili. Karisa alilazwa kifudifudi, na ubao mmoja ulioanguka juu yake ukamwachia nafasi ndogo ya kupumua mbele ya pua. Hakuona kitu. Alimsikia Kai tu, yu karibu kabisa, akisema, "Kaka, niko hapa. Kaka, njoo." Alisema hivyo mara nyingi, kisha mara moja moja, kisha akanyamaza. Waliokuja na sepetu walimfukua Karisa kwanza, kwa kuwa mguu wake ndio uliokuwa ukionekana.

Tangu hapo hakushuka tena shimoni. Alijaribu. Alisimama ukingoni na sururu begani, akarudi nyumbani. Alipata kazi ya kulinda geti katika yadi ya makontena njia ya Kipevu, na hata pale alikataa kukaa ndani ya kibanda cha mlinzi. Mvua inyeshe, jua liwake, kiti chake kilikuwa nje. Usiku akiwa nyumbani alijilaza bila shuka na mlango ukiwa wazi, na mkewe Ruth alizoea mbu.

Kefa, dereva wa lori, alikuwa mpangaji wa chumba cha pili katika ploti yao ya Magongo. Alikuwa mtu wa bara, mwili mkubwa na cheko kubwa, na alikuwa amehamia baada ya mambo hayo yote, kwa hiyo hakujua lolote. Alichokiona ni jinsi Karisa alivyoinua pipa la maji peke yake kila asubuhi akitoka zamu.

"Buda, hiyo mikono si ya kufungua geti," alimwambia siku moja. "Kampuni yetu inapeleka watu wanne kwa mbio za matope, huko kiwanjani kupita Miritini. Ni za kusaidia watoto wagonjwa. Mmoja wetu ametumwa Kampala, tumebaki watatu."

"Mbio gani hizo, watu wazima kukimbia matopeni?"

"Kupanda ukuta, kubeba magunia ya mchanga, kuvuka kwa kamba. Ile kazi yako ya zamani tu, lakini hii unapewa fulana."

Karisa alicheka, na Ruth, aliyekuwa akichambua mchicha kizingitini, akainua uso. Kicheko hicho alikuwa hajakisikia muda mrefu.

Basi wakaanza mazoezi. Karisa alikuwa akitoka zamu ya usiku, anakunywa chai kwa mahamri, kisha wanakwenda na Kefa kwenye uwanja wa karibu. Walikimbia na magunia mabegani. Walining'inia kwenye nguzo za goli hadi vidole vikauma. Karisa alimshinda Kefa katika kila kitu isipokuwa mbio zenyewe, na Kefa hakuona haya kusema hivyo. Ruth alianza kumsikia mumewe akipiga miluzi akioga. Hakuuliza. Aliogopa akiuliza itakoma.

Ilikoma yenyewe. Asubuhi moja, wakiwa wamekaa nyasini, Kefa alitoa simu yake amwonyeshe picha za mbio za mwaka uliopita. Watu walikuwa wakitambaa matopeni chini ya seng'enge, na baada ya seng'enge palikuwa na bomba la simiti lililofukiwa ardhini. Walikuwa wakiingia upande mmoja kama panya na kutokea upande wa pili wamegeuka udongo mtupu.

"Hapo ndipo watu hulegea," Kefa alisema. "Lakini ni fupi tu."

Karisa alimrudishia simu. Alisema ana usingizi, akaenda nyumbani, na siku hiyo hakula.

Jioni alimweleza Ruth. Ruth alidhani atajitoa, akashukuru moyoni kabla hajamaliza kusikia. Lakini Karisa alisema hatajitoa.

"Nikipita mle nitarudi kwa Suleiman," alisema. "Aliniambia siku nitakayoweza kushuka niende."

"Baba Mweri, geti si kazi mbaya."

"Sikusema ni mbaya. Mimi ni mchimbaji, Ruth. Pale getini sijui ni nani anayekaa kwenye kile kiti."

"Basi mwambie Kefa kilichotokea, angalau ajue."

"Akijua atanihurumia. Mtu akishahurumiwa hakimbii tena."

Waliinua kitanda juu ya matofali, mvungu wake uwe bomba la mazoezi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, watu husema, na Karisa aliinama kila siku, lakini kile alichokitaka hakikuwa karibu. Siku ya kwanza alitia kichwa tu, akakitoa. Siku zilizofuata alifikisha mabega. Jasho lilikuwa likimtoka kama mtu mwenye malaria, na kila chaga za kitanda zilipomgusa mgongo alirudi nyuma kwa nguvu, akajigonga, akabaki amekaa sakafuni akitazama mlango. Ruth aliingia yeye mwenyewe kwa upande wa pili, akalala kifudifudi vumbini, akamtazama uso kwa uso.

"Niangalie mimi," alimwambia. "Usiangalie juu."

"Nakuona."

"Basi njoo."

Hakwenda. Mara moja tu, siku zikiwa zimekaribia, alipita. Aliingia akifumba macho na kutokea upande wa ukutani, akatapika palepale. Ruth alimfuta kinywa kwa kanga yake na kumshukuru Mungu kwa sauti. Karisa alimwacha amalize.

"Hiki ni kitanda," alisema. "Nakijua. Nimekinunua mimi."

Ruth aliona wazi kuwa hapakuwa na tumaini, na aliona kuwa mumewe naye anajua. Hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa akifanya mazoezi kama mtu anayekamilisha kazi aliyopewa na mwingine, bila kutazamia kitu. Uwanjani hakulegea hata kidogo, aliendelea kumshinda Kefa, na Kefa akawa anawaambia wenzake kwamba wamempata simba.

Siku ya mbio kulikuwa na mawingu. Watu walikuwa wengi, muziki ukipigwa kutoka kwenye spika kubwa, wafanyakazi wa maofisi wakipigana picha kabla hawajachafuka. Ruth alisimama nyuma ya kamba na mtoto wao Mweri mgongoni. Alimwona mumewe akiruka ukuta wa mbao kana kwamba haupo, kisha akainama kumvuta Kefa kwa mkono mmoja. Alimwona akibeba magunia mawili pale wenzake walipobeba moja moja. Katika dimbwi la matope yaliyofika kiunoni alikwenda kama mtu aliyerudi kwao, na Ruth akaona meno yake, alikuwa akitabasamu. Kwa muda huo mfupi Ruth naye alisahau.

Chini ya seng'enge alipita. Kulikuwa na mwanga, na mbingu ilikuwa ikionekana juu yake. Alitambaa haraka mno, fulana ikachanika mgongoni, lakini alipita.

Kisha bomba. Wenzao wawili waliingia wakatokea. Kefa akamwambia, "Nitatangulia, wewe fuata miguu yangu," akaingia na kiwiliwili chake kikubwa, bomba likajaa. Karisa alipiga magoti mdomoni mwa bomba. Aliweka mikono ndani. Ruth aliona mgongo wake ukitulia, akajua hataingia, akaanza kusogea kando ya kamba.

Kefa alifika katikati na hakusikia mtu nyuma yake. Alikuwa mtu mwema, hakutaka kumwacha mwenzake. Akaacha kutambaa palepale ndani ya bomba, akaita.

"Karisa, niko hapa. Njoo, buda. Njoo."

Sauti ilitoka chini ya ardhi, imezibwa na udongo.

Karisa alisimama. Hakukimbia, kama Ruth alivyodhani atafanya. Alipanda juu ya tuta lililofunika bomba, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono. Alifukua kwa namna anayojua yeye, pande kwa pande, udongo ukitupwa nyuma katikati ya miguu, na alikuwa akisema, "Nakuja. Nyamaza, usimalize pumzi. Nakuja." Watu waliokuwa karibu walicheka, wakidhani ni mzaha, na simu zikainuliwa. Vijana wawili waliosimamia mbio walipomshika mikono aliwasukuma wote wawili wakaanguka. Alikuwa amefika kwenye simiti, akawa anaikwangua, na kucha zikatoka damu.

Kefa alitokea upande wa pili, akasikia kelele, akazunguka mbio. Alisimama mbele ya Karisa amejaa matope toka kichwani hadi miguuni, macho tu ndiyo yaliyoonekana. Karisa alimtazama muda mrefu.

"Umetoka," alisema.

"Nimetoka, buda. Ni mimi, Kefa."

Karisa alisikia jina hilo, mikono yake ikaacha kufukua. Alikaa juu ya lile tuta. Ruth alipofika alikuwa akilia bila sauti, na watu walikuwa wameanza kushusha simu zao mmoja mmoja. Walimwongoza nje ya uwanja, Kefa upande huu na Ruth upande ule. Nyumbani Ruth alimmwagia maji ndoo kwa ndoo na kumfunga vidole kwa vitambaa, mpaka mtoto alipotaka kunyonya.

Jioni Ruth alimweleza Kefa kila kitu, wakiwa uani. Kefa aliinuka. Alikwenda akakaa kizingitini kando ya Karisa.

"Ungeniambia."

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo."

Kefa alikuwa na safari ya Malaba asubuhi, akaagana naye kwa kumshika bega. Picha zilikuwa zimeanza kuzunguka kwenye simu za watu, wengine wakicheka, wengine wakiuliza huyo ni nani. Zilimfikia Suleiman.

Alikuja mwenyewe, mtu mzima na kanzu yake, akakaribishwa kiti.

"Shikamoo, mzee," Karisa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeona." Alivuta kiti karibu naye. "Wallahi, sikuja kukupa pole, pole nilikwisha kukupa. Nina mtaro huko juu ya Magongo, na nataka mtu wa kusimama ukingoni, atazame udongo. Ukipasuka aite, watu watoke. Hushuki. Wewe udongo unaujua kuliko wote."

Ruth alimwangalia mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kiwanjani alithubutu kutumaini kitu. Karisa alikubali, akaacha kazi ya geti.

Alikwenda alfajiri. Mtaro ulikuwa mzuri, kuta zimenyooka, ardhi kavu. Alisimama ukingoni, na chini vijana wakawa wanachimba na kuongea. Kabla jua halijapanda aliona ufa. Akaita, vijana wakatupa sepetu, wakapanda juu wakihema. Suleiman alikuja akautazama. Ulikuwa mstari ulioachwa na jembe. Vijana wakashuka. Baada ya muda Karisa aliita tena, wakapanda, na tena, wakapanda. Mchana ulipofika walikuwa wamechimba urefu wa mtu mmoja aliyelala. Mmoja wao alitukana. Mwingine alianza kubaki chini akiitwa, na Karisa akajilaza kifudifudi ukingoni, akanyoosha mkono, akimsihi ashike. Hakuurudisha mkono mpaka yule kijana alipoona haya, akapanda.

Suleiman alimketisha kando na kumpa maji.

"Imetosha leo," alisema.

"Udongo ule si mzuri, mzee."

"Ni mzuri, Karisa."

"Nimeuona ukisogea."

Suleiman hakubishana naye. Alimwita kijana mwingine asimame ukingoni, na Karisa akaelewa bila kuambiwa. Alikunywa yale maji, akamshukuru kwa adabu, akaondoka akitembea taratibu kuelekea barabarani. Alipofika kwenye kona alisimama akageuka, akasikiliza. Sepetu zilikuwa zikienda vizuri sasa, zikipokezana, na vijana walikuwa wakicheka. Udongo haukuanguka siku ile, wala siku zilizofuata. Walifukia bomba lao salama, wakahamia kazi nyingine.

Yadi ya makontena walikuwa hawajapata mtu bado. Jumatatu Karisa alirudi getini.