Damu ya Mjomba Chini ya Hadubini

Pale maabara, mwosha chupa aliitwa Mjomba na kila mtu, naye akakubali. Cheo cha bure nani akikatae? Alisugua mirija ya kioo ikang'aa kama meno ya mgombea ubunge. Lakini fahari yake haikuwa sabuni, ilikuwa damu. Majaribio yalitaka seli nyeupe mbichi za damu, zile zinazoulinda mwili, na tangu mwaka juzi zilitoka mkononi mwake.

"Hii damu ya simba," alitamba akikunja shati. "Nyie wengine mna juisi tu."

Sasa fahari hiyo ilikuwa hatarini. Wiki nzima seli zake zilitiwa kwenye kisahani chenye bakteria, badala ya kuwavamia zikakaa tu kama wageni waliochoka. Binti mtafiti wa pale hakumzungusha: "Mjomba, leo naongeza ile protini inayoshika sukari. Zisipoamka, natafuta mtu mwingine."

Aliposikia sukari, mjanja wetu akakimbilia jikoni. Akanywa chai iliyokolezwa hata kijiko kikasimama wima, ndipo akatoa mkono.

"Sukari gani hiyo, Mjomba!" Binti alicheka mpaka akashika meza. "Si ya chai! Seli yako imevaa koti la sukari, na bakteria naye ana lake. Protini inakamata hapo kwenye koti, inaigutusha seli: amka, adui huyu hapa."

Mjomba akanywea. Akaweka jicho kwenye hadubini. Kisahani cha kwanza hakikuwa na protini: wavivu wale wale. Binti akasogeza cha pili.

Seli moja ilijinyoosha. Ikatoa kidole kisicho na mfupa, ikatambaa. Haina jicho, haina pua, lakini ilimwendea bakteria moja kwa moja, ikamzingira taratibu, ikammeza mzima mzima. Ya pembeni ikafuata. Halafu kisahani kizima kikawa kinatembea.

"Hawa... wangu?" Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyeingia nyumba ya ibada kwa bahati mbaya.

"Wako. Damu ni ile ile, mkono ule ule."

"Na humu mwilini wanawinda hata nikilala?"

"Hata ukikoroma, Mjomba."

Miaka yote amejigamba kwa jeshi asilolijua hata kwa sura! Akazidi kuinamia hadubini.

"Haya, nipishe basi nihesabu," Binti akasema. "Kesho tena uje, nitakutoa damu nyingine."

"Subiri, mwanangu," akanong'ona, jicho halibanduki. "Kuna mmoja hapa bado anakula."