Kicheko Kilichochelewa

Seremala huyu mtaa mzima ulimwita Mzee Vipande, na jina lilimkaa sawasawa. Kwake redio ilikuwa na sanduku lake, amplifaya ya kukuza sauti na lake, mashine ya santuri na lake, na kila sanduku alilichongea chumba katika kabati lililojaza ukuta wa sebule. Ukimtajia mashine moja yenye kila kitu ndani, alikutazama kama mtu aliyechanganya misumari na mchele.

"Vikibanana," alisema, "kila kimoja kinafanya kazi kwa kununa."

Mkewe alipangusa vumbi la masanduku hayo bila kulalamika. Jioni walikaa kochi moja wakitazama vichekesho kwenye televisheni. Mzee akiangua kicheko, mkewe anafuata. Mzee aliona raha ya ndoa ndiyo hiyo.

Jioni moja kwenye televisheni walikuwa wakizika mtu, waombolezaji wanalia. Mzee, mawazo yakiwa karakana, akamkumbuka mteja aliyekalia kiti chenye rangi mbichi, akaenda zake na mistari kwenye suruali. Akacheka. Mkewe naye akacheka, tena kwa moyo wote, macho yake yakiwa usoni kwa mumewe.

Kicheko kilimkauka mzee. Kumbe mkewe hasikii! Kumbe siku zote anamsoma uso ajue pa kuchekea. Tena siku hizi alikuwa akiaga mapema, "Nina usingizi, mume wangu," anamwacha na kochi lake. Roho ilimuuma. Amuulize? Anayeficha kitu kwa ustadi huo hataki kuulizwa. Habari ya kumpeleka kwa daktari ingekuja baadaye, polepole.

Siku alipokwenda dukani kununua amplifaya aliyoitamani tangu ujana, binti muuzaji alikuwa anajaribu risiva moja nene, ya kila kitu ndani. Katika filamu mvua ilimwagika, mama mmoja akinong'ona. Binti akabonyeza rimoti. Mvua ikabaki vilevile, mnong'ono ukapanda.

"Umefanyaje hapo?"

"Maneno ya watu yanatoka spika ya katikati, baba. Nimeipandisha hiyo peke yake."

"Mimi nikipandisha, na mvua inapanda."

"Ndiyo hivyo. Ila kwa muziki, nisikufiche, vipande vyako vitaishinda hii."

Mzee alilijua hilo kuliko yeye. Alisogea kwenye ile amplifaya ya ndoto zake, akakizungusha kitufe chake kizito mara moja, akaipa kisogo.

"Nifungie hiyo nene."

Nyumbani mkewe alishika kiuno. "Mzee Vipande! Leo umeokoka?"

"Nimechoka na nyaya," alidanganya, akiitumbukiza risiva katika chumba kimoja cha kabati. Masanduku ya zamani aliyatoa, vyumba vingine vikabaki wazi, na vilimtia simanzi kidogo, tusiseme uongo.

Jioni vichekesho vikaanza. Mzee alipandisha ile spika ya katikati kwa siri, rimoti chini ya mto, kisha akakaa anamtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Mkewe aliinamia mbele. Akaacha kumtazama mumewe. Mara akapasuka kwa kicheko, peke yake, akipiga paja.

Mzee, aliyekuwa akimtazama yeye tu, hakusikia hata neno.

"Amesemaje?" aliuliza.

"Wewe nawe, husikii?" Mkewe akamsogelea, akamweleza mwanzo mpaka mwisho huku akifuta machozi, na mzee akacheka baada yake.