Kumlaza Shangazi Mchana Kweupe

Niliondoka London kwenda Boston kwa sababu ya mgongo. Mwenye mgongo ni Shangazi Ndeshi, dada mkubwa wa baba yangu, ambaye ametunza wazee kule Marekani tangu mimi niko shule ya msingi. Kuwanyanyua kulimwumiza mpaka akafanyiwa upasuaji na kuwekewa vyuma. Baba naye yuko kwangu Thamesmead, anasafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, kwa hiyo kumpandisha ndege hakufikiriki. Miaka kumi na minane ndugu hawa wameonana kwenye simu tu. Mwaka huu baba alianza kudhoofika, na siku moja akaniambia, bila kunitazama, "Natamani nimwone dada akiingia hapa kwa miguu yake."

Daktari wa shangazi alikubali asafiri kwa sharti moja: alale sehemu kubwa ya njia. Akikaa wima saa zote zile, angeshukia kwenye kiti cha magurudumu na huenda asisimame tena kwa wiki kadhaa. Kulala ndani ya ndege maana yake ni daraja la biashara, kule mbele ambako sisi wa nyuma hupita tukiangalia chini kama tumekatiza sebuleni kwa watu.

Bei nilizoziona mwanzoni zilinifanya nifunge kompyuta nikapike. Aliyenifungua macho ni Mwikali, Mkenya ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Yeye hufuatilia tiketi za ndege kama wengine wanavyofuatilia mpira.

"Wewe unatafuta flight ya usiku, na hiyo ndiyo kila bosi anataka," aliniambia tukinywa chai. "Tafuta ya asubuhi. Hawaipendi, inawakulia siku mzima ya kazi. Angalia katikati ya wiki. Na usinunue one-way, mara mingi return iko chini."

Wiki tatu nilichungulia bei kila asubuhi nikiwa kwenye basi, hadi safari moja ya Jumanne ikashuka. Nikachukua kiti cha mbele cha shangazi, kwenda London na kurudi, na changu nyuma kabisa, karibu na choo. Sikumwambia ni daraja gani, kwa sababu namjua. Angekataa.

Jumamosi nilifika Boston, theluji imerundikana kando ya barabara. Shangazi alinifungulia mlango huku ameshika ukuta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Hao Waingereza wanakulisha nini?"

Siku tatu nilizokaa kwake niliona jambo nisilolielewa. Aliamka alfajiri, akatandika kitanda, na baada ya hapo hakukigusa tena mpaka usiku. Mgongo ukimsumbua aliegemea friji. Nilidhani ni ukaidi wa kawaida wa ukoo wetu.

Jumanne asubuhi, uwanjani, mhudumu alituelekeza kwenye foleni fupi. Shangazi akaniangalia kwa jicho la kutafuta mwizi. "Neema, umevunja benki?" Nikamwambia ni bahati tu, tiketi ilishuka bei. Ndani ya ndege nilimwonyesha kibonye cha kulaza kiti, nikamweleza mhudumu habari za mgongo, nikaenda zangu nyuma nikijisikia mshindi.

Saa ya pili angani, mhudumu yule akaja kunitafuta. Uso wake haukunipendeza. "Shangazi yako hataki kulala," alisema kwa upole. "Mara tatu nimempa mto, mara tatu ameurudisha na kunishukuru. Nadhani anaumia. Njoo."

Nilimkuta amekaa wima ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Shangazi, mbona hujalala?"

"Nilale?" Akanionyesha dirisha. "Si unaliona jua? Mtu mzima anajilaza mchana kweupe, na hao wanaume na suti zao wamekaa hapo! Watasemaje?"

"Hawasemi kitu. Wanaangalia filamu."

"Mwanangu, kwenye kazi yangu ukionekana umelala mchana, kesho huna kazi."

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Nilikuwa nimeshika bei ya asubuhi nikamsahau mtu mwenyewe. Nilimnunulia kitanda saa ambayo hajawahi kulala maisha yake yote. Nilijionea hasira, na niliogopa. Kwa jinsi alivyokuwa amekunja uso, nilishamwona kwenye kiti cha magurudumu, na baba akijifanya hajali.

Sikubishana naye. Kazini kwetu, bibi akigoma kulala, humwambii alale, unamwomba msaada.

"Basi nisaidie," nilisema. "Nataka kujua hiki kiti kinashuka mpaka wapi. Nyoosha miguu kidogo nipime."

Alinyoosha, kisha akatulia akinitazama, na kicheko kikamtoka. "Mjinga wewe! Hiyo nimewafanyia wazee wa Boston maisha yangu yote!"

"Na walikuwa wanalala?"

"Walikuwa wanalala." Kicheko kikaisha. "Lakini mimi hajanilaza mtu tangu mama."

Alisema hivyo na machozi yakamshuka. Hakuyafuta. Nilimvua viatu, nikashusha kiti taratibu, nikamwekea mto chini ya magoti, nikamgeuza ubavu kwa namna tunayoijua sisi wawili. Mhudumu akateremsha pazia la dirisha bila kuombwa. Nilitoa khanga kwenye mkoba wake nikamfunika hadi kichwani, wenye suti wasimwone. Nimewalaza bibi wengi wa Kiingereza, ila mtu wa kwetu sikuwa nimewahi. Alipoanza kukoroma nilienda chooni nikalia vizuri.

Aliamshwa kwa ajili ya kutua. Heathrow alitembea polepole, mkono begani kwangu, na kwenye teksi tulilaza kiti cha mbele akajinyoosha bila kuangalia nani anamwona. Njia nzima ya Thamesmead nilikuwa nikijisema: nilimtafutia nafasi ya kupumzika nikasahau kwamba hata kupumzika mtu huhitaji kuruhusiwa, na ruhusa hiyo lazima itoke kwa anayempenda.

Nyumbani, baba alikuwa ameinuka kwenye kochi, kashika ukuta wa korido, anatetemeka. Shangazi aliuachia mkono wangu mlangoni. Akaingia peke yake, hatua moja, hatua nyingine.

"Dada," baba alisema, akauachia ukuta, akayumba.

Shangazi alimwahi, akamkumbatia, akasimama imara.

"Niegemee mimi," alimwambia. "Nimelala vya kutosha."