Mkongojo wa Kwato

Mwalimu wa ubunifu pale chuo cha ufundi alikuwa na wimbo mmoja tu: kabla hujachora kifaa, nenda kamtazame kiumbe anayeishi na tatizo hilohilo. Wanafunzi walimbandika jina la Mbuzi, maana mifano yake yote iliishia kwa mbuzi. Jina alilijua, na kwa siri lilimfurahisha.

Muhula huo mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, aliteleza sebuleni akaanguka. Hakuvunjika mfupa, lakini woga ulimwingia. Tangu hapo hakuinuka kitini bila kushikwa huku na huku, na mke wa mwalimu akawa analia jikoni akidhani hasikiki. Mwalimu aliumia sana. Mtu mwingine angekaa na mama wa watu akamuuliza anaogopa nini. Yeye, mtaalamu mzima, aliona haya kumkodolea macho mkwewe, akaenda kumkodolea mbuzi wa jirani akirukaruka kwenye mawe.

Wanafunzi wakapewa kazi: mkongojo wenye kitako cha kwato, kilichopasuliwa katikati ili kishike chini. Waliuchonga, wakaupiga msasa, wakaujaribu kwenye mawe nyuma ya karakana. Ulishika barabara. Juma zima mwalimu alitembea kifua mbele.

Siku ya kuukabidhi aliwaleta wote nyumbani. "Shikamoo, mama. Leo utatembea mwenyewe," alisema. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemzuia, akaamua kuonyesha kwa vitendo. Akauegemea mkongojo kwa uzito wake wote, ambao si haba. Kwato zikatanuka, zikateleza kwenye vigae, na mwalimu akajikuta chali, kichwa chini ya meza.

"Mwalimu," alisema binti mmoja kwa upole, "yule mbuzi anaishi kwenye mawe. Hapa ni vigae."

Alitamani sakafu ipasuke immeze. Ndipo akasikia kiti kikikwaruza. Mama mkwe alikuwa ameinuka, peke yake, na anakuja polepole, kiganja ukutani.

"Mkwe wangu, umeumia?"

"Hapana, mama," alidanganya. Machozi yalimlengalenga, na hayakuwa ya maumivu ya kiuno. Muhula mzima alihubiri habari ya kumtazama kiumbe mahali anapoishi, na huyu wa nyumbani kwake hakumtazama hata mara moja.

Wanafunzi walishaelewa kabla yake. Mmoja alitoa futi akapima kiganja cha bibi kimegusa ukuta kwenye kimo gani. Mwingine alianza kuchora ubao wa kushikilia, kutoka kitini hadi mlangoni. Wawili walimwinamia mwalimu wamnyanyue.

"Huyo mwacheni kwanza," alisema mama mkwe, akigeuka taratibu kurudi alikotoka. "Akisimama tu, atakuja kunishika."